Manowari Yangu Imekwenda Mrama!

Mwenzio nimenogewa na mchezo wa kompyuta wa kubuni manowari, hata usingizi sina. Ya kwanza niliirundikia mizinga juu kama mzigo wa basi la mkoani. Wimbi moja tu, chali! Nikacheka, nikaanza upya.

Ya pili nikaitanua tumbo, uzito wote nikaushusha chini. Haikupinduka ng'o! Lakini kila ikilala ilirudi wima kwa kishindo, mizinga ikawa inapiga samaki na mawingu.

Mjomba, nahodha mstaafu wa jahazi, akachungulia. "Mpwa wangu, farumi ikizidi chombo hukakamaa, kinatikisa mpaka mlingoti. Ikipungua kinayumba polepole, raha tupu, ila siku kikilala hakiamki."

Kumbe kutopinduka na kutulia ni vitu viwili, ukizidisha kimoja unapunguza kingine! Nikapunguza upana kidogo, meli ikatulia, mizinga ikalenga. Nikajiona fundi.

Nikamsomea Mjomba habari za HMS Captain ya Uingereza: milingoti mirefu, mizinga mizito, ubavu umekaribia maji. Mbunifu wake, Cowper Coles, alikuwemo humo humo ilipopinduka kwenye dhoruba, usiku wa manane, Septemba 7, 1870. Walikufa watu karibu 500, na yeye pia.

Mjomba akanyamaza, halafu akasema, "Huyo hakuwa na pa kuanzia upya."

Bwana we, kicheko kiliniisha. Siku hizi kabla sijaongeza mzinga, nawahesabu kwanza mabaharia wangu.