Diski Mbili

Kila mtu ana chombo kimoja alichokizoea hata akakisahau. Seremala ana randa yake, mshonaji ana cherehani yake, na mkulima ana jembe ambalo mpini wake umelainishwa na viganja vyake mwenyewe. Chombo cha namna hiyo hakikumbukwi mpaka siku kinapokataa kazi. Chombo changu mimi, niliye mwalimu katika chuo cha walimu, ni kipakatalishi nilichokinunua mwaka 2014 kwa akiba ya mishahara yangu ya kwanza. Nataka nikueleze jinsi nilivyokitengeneza kilipochoka, na jinsi nilivyokaribia kupoteza, kwa haraka ya usiku mmoja, kitu ambacho fedha haiwezi kukinunua tena.

Kilizeeka polepole, kama wazeekavyo watu. Mwaka wa kwanza nilikiwasha nikaanza kazi. Mwaka wa saba niliweza kukiwasha, nikaenda jikoni, nikachemsha chai, nikairudia meza yangu na kikombe mkononi, nikakikuta bado kinajikusanya. Nilipofungua orodha ya alama za wanafunzi waliokwenda mazoezi ya kufundisha, kilinguruma na kusita kama gari linalopanda mlima na mzigo mzito. Wenzangu katika chumba cha walimu walinishauri nikitupe, ninunue kingine. Shauri lao lilikuwa jema, ila halikuutazama mfuko wangu. Mwaka ule nilikuwa na karo ya wadogo zangu wawili ya kulipa.

Basi mwaka 2021, chuo kilipofunga, nilikichukua chombo changu nikaenda nacho Nairobi, katika barabara ya Luthuli, ambako maduka ya vifaa vya umeme yamepangana bega kwa bega. Fundi mmoja kijana alikiwasha, akakitegea sikio kama tabibu anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha akasema, “Mwalimu, ubongo wa mashine hii ni mzima. Kinachochelewa ni ghala. Usinunue mashine nyingine, badilisha ghala.”

Hapa yafaa nikueleze, msomaji, maana ya maneno yale. Ndani ya kipakatalishi changu mlikuwa na diski ngumu, yaani sahani zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka bila kupumzika. Diski yangu ilizunguka mara 5,400 kwa dakika, ambazo ni mara 90 kwa kila sekunde. Juu ya sahani hupita kichwa kidogo cha kusomea, kikielea karibu nazo mno bila kuzigusa. Kila unapotaka jambo lililoandikwa humo, kichwa hicho hakina budi kusogea mpaka kwenye mstari wake, kisha kingoje sahani izunguke mpaka neno linalotakiwa lifike chini yake. Mngojeo huo ni sehemu chache za elfu moja za sekunde. Wewe utasema si kitu. Lakini mashine inapoamka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huku, na mingojeo midogo ikijumlishwa huwa mingojeo mirefu. Mtunza maktaba mzee anaweza kuwa mwaminifu sana, lakini ukimwagiza vitabu elfu moja kutoka rafu elfu moja, atakuchelewesha, kwa kuwa hana budi kutembea.

SSD, ghala jipya alilolitaja fundi, haina sahani wala kichwa. Haina kitu kinachotembea. Ndani yake mna vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba huhifadhi chembe za umeme hata mashine ikizimwa. Kukiendea chumba cha kwanza na kukiendea cha mwisho ni mamoja. Diski kama ile yangu, ikisoma mfululizo, huweza kutoa kama megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya umbo lile lile hutoa kama 500, na katika vipande vilivyotawanyika tofauti huwa kubwa zaidi mara nyingi.

Lakini usiidharau diski ngumu. Ilipoletwa ulimwenguni na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na chombo kizima kilikuwa na uzito wa kama tani moja. Juu ya hayo yote kiliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu, kiasi kisichotosha picha moja kubwa ya simu ya leo. Mbegu ya SSD ilipandwa baadaye huko Japani, Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba alipoitangaza kumbukumbu ya namna hii mwaka 1984. Diski niliyokuwa nikiilaumu ilikuwa ndogo kuliko kiganja changu, nayo ilibeba gigabaiti 500. Kumbe nilikuwa nikilalamikia muujiza.

Nilinunua SSD ya gigabaiti 240, pamoja na kijaluba cha bati chenye umbo la kile kisomeo cha sidii ambacho nilikuwa sikitumii tena. Shauri lilikuwa hili: SSD ikae mahali pa diski ya zamani, ibebe mfumo unaoendesha mashine, nayo diski ya zamani itiwe katika kijaluba, ikae mahali pa sidii, itunze mafaili. Mpya ikimbie, kongwe ihifadhi. Fundi alinifungia vitu vyangu katika karatasi, akaniambia, “Mwalimu, kabla ya yote, nakili vitu vyako mahali pengine. Na unapoweka mfumo kwenye hii mpya, ile ya zamani iwe nje. Irudishe ukisha maliza.” Nikaitikia kwa kichwa. Alitaka kunifanyia kazi ile mwenyewe kwa malipo madogo, nikakataa. Kwani mimi ninayewafundisha wengine ningeshindwaje na skrubu kumi?

Sasa nikwambie kilichokuwamo katika diski ile. Mlikuwa na masomo yangu ya miaka saba na alama za wanafunzi. Hayo yangeweza kuandikwa tena kwa taabu. Lakini mlikuwa pia na hadithi kumi na moja za nyanya yangu. Nilizinasa likizo ya Desemba mwaka 2016, jikoni kwake, akichambua maharagwe huku mvua ikipiga juu ya mabati. Katika hadithi moja anakatiza maneno ili amfukuze kuku. Katika nyingine ananicheka kwa kuwa nimeuliza swali la kitoto. Alifariki mwaka 2019. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote duniani ila juu ya sahani zile.

Usiku ule nilikizima kipakatalishi, nikaiondoa betri, nikagusa chuma ili umeme uliomo mwilini usije ukadhuru vyombo, nikafungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya karatasi kwa utaratibu. Kazi ya mikono ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Niliona tabu kuichomoa tena diski ya zamani kutoka kijaluba nilichokwisha kukifunga. Na kunakili, nilijiambia, nitanakili kesho. Nikaanza kuweka mfumo.

Kioo kiliniletea diski mbili bila majina, ila namba: sufuri na moja. Nilidhani ile iliyo mahali pa kwanza ndiyo itakayoitwa ya kwanza. Kando ya kila namba paliandikwa ukubwa wake, nami sikuutazama. Laiti ningetazama! Nilichagua, nikafuta, nikathibitisha, kazi ikaanza.

Kilichonishtua ni mwendo. Kazi ilikwenda pole kama zamani. Nikainama, nikasikia ule mngurumo mwembamba nilioujua kwa miaka saba, wa sahani zinazozunguka. SSD haina sauti. Nilielewa mara moja ni diski gani niliyokuwa nikiiandika juu yake, nikakizima chombo kwa kidole kilichotetemeka. Nilikaa mbele ya kioo cheusi mpaka usiku wa manane, nikijaribu kuikumbuka sauti ya nyanya kwa moyo wangu, na kadiri nilivyojaribu ndivyo ilivyonikimbia.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa fundi. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: “Baada ya kufuta, imeandika kwa muda gani?” Nikamwambia, dakika chache. Akaichukua diski kwa mikono miwili, akasema, “Usiiguse tena, Mwalimu. Niachie siku mbili.”

Hapa pana jambo ambalo ningependa ulishike, kwa maana ndilo lililonifunza kuliko yote. Unapofuta katika diski ngumu kama nilivyofuta mimi, kwa kawaida kinachoondolewa ni ile orodha inayoonyesha kila kitu kiko wapi. Ni kama kuchana yaliyomo ya kitabu na kuziacha kurasa. Maneno yenyewe hubaki juu ya sahani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. SSD haifanyi hivyo. Kwa kuwa vyumba vyake havina budi kusafishwa kabla ya kuandikwa upya, mara nyingi mashine huiarifu kwamba kitu fulani hakitakiwi tena, nayo hukifagia kabla hujapata nafasi ya kujuta. Chombo chepesi wa kukumbuka ni chepesi pia wa kusahau. Ile diski kongwe niliyoitukana kwa uvivu ilikuwa nzito wa kusahau kama ilivyokuwa nzito wa kukumbuka, na uzito wake ndio ulioniokoa. Kama ningeifuta SSD yenye hadithi zile, yamkini nisingepata hata neno moja.

Baada ya siku mbili fundi alinipa mafaili mengi yasiyo na majina, yenye namba tu. Ikanibidi niketi niyasikilize moja moja ili nijue ni nini. Nikasikia mvua juu ya mabati. Nikasikia kuku akifukuzwa. Katika hadithi kumi na moja zilirudi nane. Tatu ziliandikwa juu yake na mfumo ambao sikuwa hata na haja nao mahali pale. Moja katika hizo tatu ni hadithi ya fisi na njia panda, ambayo naukumbuka mwanzo wake tu. Nilimwuliza shangazi, naye akanisimulia; lakini yake ina mwisho mwingine, na haina kicheko.

Leo kipakatalishi changu kingali kikifanya kazi. Nikikiwasha, hakinipi nafasi hata ya kuvuta kiti. SSD inabeba mfumo na programu. Diski ya zamani imo katika kijaluba, inatunza mafaili. Lakini hadithi za nyanya ziko pia katika diski ya nje iliyo nyumbani kwa shangazi, maana nimetambua kwamba diski mbili katika mfuko mmoja ni diski moja machoni pa mwizi. Wala sidanganyiki kwamba chochote katika hivi kitadumu milele: sahani zitachoka kuzunguka, na vyumba vya SSD huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa.

Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Walisema vile vile, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikukuambia ukatae kipya. Ningekuwa mwongo, kwa kuwa nakifurahia kila asubuhi. Nakuomba tu, msomaji kijana, ambaye nyanya yako labda angali hai na simu yako inaweza kunasa sauti yake, ukimaliza kumsikiliza usilale kabla hujaiweka sauti hiyo mahali pawili. Nami siku ile nilikuwa na nia ya kunakili kesho yake.