Chaguo-msingi

Kuna neno kwenye mipangilio ya simu ambalo hunichekesha kila nikilisoma: chaguo-msingi. Programu chaguo-msingi ya ujumbe, ya kivinjari, ya skrini ya kwanza. Chaguo la nani? Mimi sikuulizwa. Nilifungua boksi, nikaweka laini, nikakuta aikoni zimeshakaa kwenye viti kama wageni waliofika arusini kabla ya bwana harusi. Aliyelitafsiri neno hilo alifanya kazi nzuri tu, lakini lina uchokozi ndani yake. Ni chaguo ambalo sifa yake kuu ni kwamba hukulichagua.

Skrini ya kwanza yenyewe ni programu tu, kama kikokotoo. Mafundi huiita lancha. Kwenye Android, ukibonyeza kurudi mwanzo, simu hutafuta ni programu gani imejiandikisha kuwa nyumbani. Ikiwa ipo moja, ile iliyokuja na simu, hiyo ndiyo inajitokeza. Ukipakua nyingine unaulizwa unataka ipi. Kwa wenye iPhone swali hilo halipo kabisa. Wao walingoja mpaka iOS 18 ya mwaka 2024 ndio waruhusiwe kuacha pengo kati ya aikoni popote wanapotaka. Pesa zote hizo, na kusogeza kitu mpaka upewe ruhusa! Haya, hiyo ni shida ya matajiri.

Mimi naandika kwa simu, na si kwa kupenda. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokosekana. Laptopu nayo iliondoka baadaye, ikalipa kodi ya miezi miwili ya bedsita yangu hapa Zimmerman. Tangu hapo kila nilichouza kimepitia vidole gumba viwili na simu yenye RAM ya GB 2: maelezo ya viatu vya duka la mtandaoni, makala kuhusu jinsi ya kufuga paka nyumbani (sijawahi kufuga paka), hata insha hii. Skrini ya kwanza ndiyo ofisi yangu.

Na ofisi niliyopewa ilikuwa soko. Telezesha kidole kando, unapata habari za mastaa walioachana. Fungua folda, na chini ya aikoni zako nne kuna nyingine nane ambazo ati umependekezewa: mkopo wa haraka, mchezo wa peremende, kamari. Kabla hata hujafungua simu, skrini iliyofungwa inakuonyesha ziwa la Ulaya na kitufe cha kubonyeza ujue zaidi. Jina la kampuni nitalihifadhi, maana simu nyingi za bei ya chini ziko hivyo, na sababu haijajificha. Faida ya kuuza simu rahisi ni ndogo, kwa hivyo macho ya mnunuzi yanauzwa tena baada yake. Biashara naielewa. Ninachokataa ni kuilipia kwa bando langu.

Nilianza na Nova, kama kila mtu wa rika langu aliyewahi kuchezea Android. Ukiwa na Nova unaweza kubadilisha karibu kila kitu, na hiyo ndiyo hatari yake kwa mtu mwenye kazi ya kukabidhi asubuhi. Unaweza kumaliza saa nzima ukichagua umbo la aikoni na usiandike hata sentensi. Kisha nikahamia Olauncher, ambayo ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na haina aikoni hata moja. Ni maneno meupe juu ya weusi. Inakuruhusu kubadilisha majina ya programu pia, kwa hivyo ile ninayoandikia nimeiita Kodi. Nikiwasha simu asubuhi, neno la kwanza ninaloliona ni hilo.

Je, inasaidia? Kwangu, ndiyo, ingawa si miujiza. TikTok bado naifungua. Tofauti ni kwamba sasa lazima niiandike, t, i, k, na mara nyingi nikifika kwenye i nakumbuka kuna mtu ananingojea na maneno mia nane.

Lakini usidhani ukibadilisha lancha basi umehama nyumba. Ile ya kiwandani haiondoki. Kwenye Android nyingi za siku hizi, ule ukurasa wa kuonyesha programu ulizotumia hivi karibuni bado unashikiliwa na lancha iliyokuja na simu, ndiyo maana ukitumia nyingine unaona kigugumizi kidogo, au simu inakukatalia kutumia ishara za kidole. Mwenye nyumba anakuacha upake rangi unayotaka, ufunguo wa pili anabaki nao. Na huko unakohamia pia kuna mwenyewe. Nova ilinunuliwa na kampuni ya Branch mwaka 2022. Miaka miwili baadaye wengi wa walioitengeneza wakaachishwa kazi, na mwaka 2025 Kevin Barry, mwanzilishi wake, akaondoka. Kuna watu walikuwa wamepanga skrini zao humo kwa zaidi ya miaka kumi.

Simu yangu niliichukua kwa mkopo, wa kulipa kila siku. Mwezi fulani mteja alichelewesha pesa, na siku ya tatu bila malipo simu ikajifunga. Skrini nzima ikawa ujumbe mmoja na nambari ya kulipia. Lancha yangu nyeusi haikuonekana, ya kiwandani pia haikuonekana. Wote tulikuwa nje. Makala ya huyo huyo mteja ilikuwa ndani, imebaki aya mbili. Nilienda kwa mama mboga wa chini, akalipa kwa simu yake, mia mbili, akaniandika kwenye daftari pale nilipo na sukuma na nyanya. Muda si mrefu skrini ikarudi, mstari wa kwanza ukiwa ule ule: Kodi.

Simu yangu ya zamani iko Webuye, kwa mama. Alipoipokea aliona yangu, akasema, "Baba, niwekee na mimi hiyo yako isiyo na kelele." Nikamwekea. Maneno manne kwa herufi kubwa: Simu, Ujumbe, M-Pesa, WhatsApp. Akafurahi, akarudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye akanipigia kwa simu ya jirani. Alikuwa ameenda duka la M-Pesa kutoa pesa, na kama kawaida akampa msichana wa pale simu amfungulie menyu, kisha yeye mwenyewe aingize namba ya siri. Yule msichana akaitazama skrini nyeusi, akaigeuza, akasema, "Mama, simu imeharibika." Fundi wa jirani naye akaiangalia, akataka mia tatu aiflashi. Kuflashi kungefuta picha zote, pamoja na zile za mazishi ya nyanya. Mama hakutoa hiyo mia tatu. Alinipigia mimi, na hakuwa amekasirika. Alisema tu, "Baba, hii simu hakuna mtu huku anaijua."

Nimelifikiria hilo kuliko makala yoyote niliyosoma kuhusu lancha. Skrini ya kiwandani, pamoja na kamari yake, ni lugha ambayo mtaa mzima unaizungumza. Msichana wa M-Pesa anaisoma bila kufikiri. Mtoto wa jirani wa darasa la nne anajua rangi ya kila aikoni. Simu ya mama inashikwa na mikono mitatu au minne kwa siku, na wenye mikono hiyo hawahudhurii semina za kupunguza matumizi ya simu. Yangu haishikwi na mtu. Naishi peke yangu, na upweke ndio unaoniruhusu kuwa na skrini isiyoeleweka.

Nikamwelekeza kwa simu ya jirani: Mipangilio, Programu, chaguo-msingi, skrini ya kwanza. Ilituchukua kama dakika kumi, na katikati jirani alitaka simu yake. Rangi zote ziliporudi, nilimsikia akishusha pumzi. "Ndiyo hii."

Desemba nilipoenda nyumbani nilikaa na hiyo simu jioni moja nikizima mapendekezo, moja baada ya jingine, mpaka folda ikabaki na vitu vyake tu. Februari simu ikajisasisha. Mama akapiga: "Wale watu wa kamari wamerudi." Nikamwambia abonyeze aikoni na kuishikilia, kisha aiburute juu. Mwezi jana zilirudi tena, na safari hiyo sikupigiwa. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba msichana wa M-Pesa alikuwa ameshazitoa zote, akingoja wateja.