Waya wa Samawati na Rauta Iliyofungwa



Wazazi wetu, walimu wetu na wanafunzi wenzetu, wengi mmetuuliza ule waya bapa wa rangi ya samawati uliomo kwenye kabati la chumba cha kompyuta ni wa kazi gani, na kwa nini Mudir anaufungia kwa kufuli kana kwamba ni dhahabu. Sisi tunaosimamia chumba hicho tumeona tulijibu swali hilo katika kurasa hizi.

Rauta ni kile kisanduku kinachokaa kati ya kompyuta zetu na mtandao wa nje, kikielekeza kila ujumbe njia yake. Kwa kawaida fundi huingia ndani ya rauta kwa kupitia mtandao wenyewe: anaandika anwani yake, anaandika neno la siri, anafunguliwa. Je, mtandao wenyewe ukiwa umekufa? Kwa ajili hiyo watengenezaji wameweka tundu jingine lililoandikwa Console. Tundu hili halihitaji anwani wala mtandao. Ni mazungumzo ya kompyuta moja na rauta moja, herufi baada ya herufi, kwa utaratibu uitwao RS-232 uliotolewa mwaka 1960, yaani kabla hata Tanganyika haijapata uhuru.

Tulilihitaji tundu hilo mwezi Mei 2024. Mtakumbuka kwamba tarehe 4 mwezi ule Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia, na mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Kusini maeneo ya Somanga, wilaya ya Kilwa, magari yakakwama siku kadhaa. Katika wiki hiyo umeme wetu ulikatika na kurudi mara nyingi. Uliporudi mara ya mwisho, kompyuta zote ziliwaka lakini hakuna hata moja iliyotoka nje. Wakati huo kaka na dada zetu waliomaliza kidato cha nne walikuwa wakijaza maombi ya vyuo humu chumbani, wengine wakivuka maji kutoka Msanga Mkuu, kwani maombi siku hizi ni ya mtandaoni na si kila nyumba ina simu ya kuifanya kazi ile.

Fundi aliyetufungia rauta alikuwa amekwisha hama mkoa na simu yake haipatikani, na neno la siri alikwenda nalo. Mafundi wengine tuliowapigia walikuwa Dar es Salaam, ng'ambo ya barabara iliyokatika. (Gesi ya Msimbati inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2015 bila kungoja barabara, fundi hatujamtengenezea bomba.)

Ustadh wetu wa kompyuta ndipo alipoukumbuka waya wa samawati, uliokuja na rauta ndani ya boksi na haukuwahi kutumika. Upande mmoja una kichwa kama cha waya wa kawaida wa mtandao, nao huingia kwenye tundu la konsoli. Ndani yake nyuzi zimegeuzwa, ya 1 inakwenda 8, ya 2 inakwenda 7, hivyo hautumiki mahali pa waya wa mtandao. Upande wa pili una kichwa kipana chenye matundu 9. Kompyuta za zamani zilikuwa na mahali pake. Laptopu za leo hazina, ikabidi tutafute kiunganishi cha USB, tukakipata kwa muuza vifaa mjini. Tulipokichomeka, Windows ikakiita COM4. Namba hii lazima uitazame kwenye orodha ya vifaa, kwani hubadilika kwa kila kompyuta.

Kisha tukafungua programu ya PuTTY, tukachagua Serial, tukaandika COM4 na kasi ya 9600. Biti za data 8, pariti hakuna, biti ya kusimama 1, udhibiti wa mtiririko hakuna. Ukikosea kasi, kioo kinajaa alama zisizosomeka, mfano wa mtoto aliyepewa kalamu siku ya kwanza. Tulibonyeza Enter, na rauta, ambayo ni Cisco ya zamani tuliyopewa kama msaada, ikajibu kwa kutuuliza neno la siri.

Hapo Ustadh alisimama, akaenda kwa Mudir kuomba idhini. Baadhi yetu tuliona anachelewesha. Aliporudi ndipo tulipofahamu kwa nini, maana alichotuonyesha kilitutisha kidogo. Alizima rauta, akaiwasha, na ndani ya dakika moja ya kwanza akaipelekea ishara ya Break kutoka kwenye menyu ya PuTTY. Rauta ikasimama katikati ya kuamka. Akaandika namba 0x2142, inayoiambia isisome mipangilio iliyohifadhiwa, akaiwasha upya. Ikaamka kama mpya, bila kuuliza neno lolote la siri. Kwa hiyo yeyote mwenye waya huu, laptopu na nafasi ya kuifikia swichi ya umeme anaweza kuimiliki rauta, hata kama neno la siri lina herufi arobaini.

Tulipoirudisha ile mipangilio tukaona ugonjwa. Rauta ina kumbukumbu mbili. Moja ni kama ubao wa chaki, umeme ukikatika inafutika; nyingine ni kama daftari. Fundi alikuwa amebadilisha anwani ya upande wa nje ubaoni, hakuinakili daftarini. Umeme ulipokatika, rauta ikasoma daftari la zamani. Tulimpigia mtoa huduma, tukapewa anwani sahihi, tukaiandika. Tukaweka neno jipya la siri, tukairudisha namba kuwa 0x2102, na tukafungua milango ya mtandao mmoja mmoja, kwani baada ya kazi hii hubaki imefungwa. Mwisho tukanakili daftarini. Hii ilikuwa Alhamisi, tarehe 9 Mei, na jioni ile ile maombi matatu yalipelekwa.

Jumapili tarehe 12 mtandao ukafa tena! Wazazi walituangalia kwa jicho la kutilia shaka, na haki yao. Tukachomeka waya, tukasoma: mlango wa nje uko hai, mtoa huduma anajibu, mbele yake kimya. Tukawaambia rauta yetu ni nzima. Baadaye habari zikaeleza kwamba mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliathirika.

Neno jipya la siri limo kwenye bahasha iliyogundishwa, ofisini kwa Mudir. Rauta na waya vimo kabatini, na ufunguo haukai chumba cha kompyuta. Atakayetaka kujifunza aje Jumamosi baada ya Alasiri, aje na daftari.