Zambarau Iliyokataa Kutokea

Nimekulia Mangobo, mjini Kisangani, katika nyumba yenye mmea wa lumbalumba nyuma yake. Tumbo likisokota, mama anafikicha majani. Mafua yakibana, tunajifukiza mvuke wake. Nilipoanza kusoma kemia Chuo Kikuu cha Kisangani nilikwenda na neno moja: Mungu kaliumba jani likiwa kamili, anayeligusa analiharibu. Nilibishana na wenzangu hadi wakanichoka.

Kilichoanza kunigeuza ni zoezi la labo. Tulichukua asidi ya salisiliki, mojawapo ya asidi za fenoli ambazo mimea hujitengenezea, tukaitia anhidridi ya asetiki na matone machache ya asidi ya salfuriki, tukaipasha juu ya maji moto. Ilipopoa, fuwele nyeupe zikashuka. Asistanti akadondosha kloridi ya chuma kwenye asidi ya mwanzo: zambarau nzito. Kwenye fuwele safi, hakuna rangi. (Zangu zilitoa zambarau hafifu, sikuwa nimezisafisha vizuri.) Zambarau ile hutokana na kikundi cha fenoli, nacho sasa kilikuwa kimefunikwa. Ile ndiyo aspirini. Mwanakemia Gerhardt aliwahi kuipata mwaka 1853, lakini ikiwa chafu. Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer akaitoa safi mwaka 1897, maana asidi ya salisiliki yenyewe ilikuwa ikichoma matumbo ya wagonjwa.

Hata hivyo nilishikilia ubishi wangu, mpaka niliposoma habari za kifua kikuu. Mwaka 1940 Mmarekani Frederick Bernheim aliona kwamba salisilati, yaani chumvi ya asidi ileile, humfanya kijidudu wa ugonjwa huo avute oksijeni zaidi, kama aliyepewa chakula. Jörgen Lehmann, huko Uswidi, akawaza: je, nikikipotosha chakula hicho kidogo tu? Pakaongezwa kikundi cha amino mahali pamoja, na mwaka 1946 akaitangaza dawa, PAS. Hadi leo hupewa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu.

Nilimsimulia mama, nikitazamia anikemee. Alikuwa anamenya muhogo.

“Sasa wewe, baba, ulifikiri nini? Huu mchungu si Mungu ndiye aliyeuumba? Na mbona tunauloweka siku tatu ndipo tule?”

Sikuwa na jibu.

Lumbalumba ile ina asidi ya rosmariniki na ya kafeiki, za ukoo uleule wa fenoli. Siku hizi ninaziunganisha na alkoholi ziwe esta, zipenye kwa urahisi zaidi utando wa mafuta unaozunguka seli. Dawa sijapata. Majani bado ananichumia mama.