Amri ya Nane na Kamera Yetu

Tulipoona upigaji picha kwenye ratiba ya muhula, baadhi yetu tulicheka. Tulikuwa wachungaji na wainjilisti kumi katika mafunzo ya mawasiliano ya Kanisa, kwenye chuo cha theolojia chini ya Mlima Meru, na wengi wetu tulikuwa tumevuka miaka arobaini. Tulizoea Kiyunani, historia ya Kanisa na maandalizi ya mahubiri. Kamera tuliihesabu kuwa kazi ya vijana wa kwaya. Mmoja wetu aliuliza kama kweli somo hilo litakuwa na alama sawa na Agano Jipya. Mwalimu akajibu kwamba litakuwa nazo, na kwamba kamera zilizopo ni tano, kwa hiyo tutatoka wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake.

Tunaandika haya kwa sababu mazoezi matatu tuliyopewa yalitufundisha jambo tulilodhani tunalijua tangu kipaimara, na kwa sababu katika zoezi la tatu tulimkosea mtu.

Zoezi la kwanza lilihusu mwanga. Tulitakiwa kupiga picha ya kitu kimoja mara tatu: jua linapochomoza, saa sita mchana, na jua linapokaribia kuzama. Sisi wawili, mchungaji na mwinjilisti, tulichagua kengele ya kanisa la chuo. Asubuhi ilionekana kama shaba mpya. Mchana ilionekana kama chuma kilichotupwa. Jioni ilikuwa na joto ndani yake. Kengele ilikuwa ile ile.

Kisha tukafundishwa jambo la ajabu kidogo. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinachotazama. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha kijivu cha wastani. Joho jeusi la mchungaji likijaa kwenye picha, kamera huongeza mwanga mpaka joho linakuwa la kijivu. Kitambaa cheupe cha madhabahu kikijaa, hupunguza mwanga, nacho kinakuwa cha kijivu. Tulijaribu vyote viwili na ikawa hivyo. Mpiga picha ndiye anayejua kwamba hiki ni cheusi na hiki ni cheupe, naye lazima airekebishe kamera. Tulicheka tena, lakini safari hii tulijicheka wenyewe, maana nasi huwatazama washarika wetu kwa kipimo kimoja na kuwafanya wote wawe wa kijivu.

Zoezi la pili lilihusu muda. Tulipeleka kamera sokoni jioni, tukaiweka juu ya stendi ya miguu mitatu na kuiacha ipokee mwanga kwa sekunde nane kwa picha moja. Tulipoangalia, watu waliokuwa wakipita walikuwa wametoweka au wamebaki kama moshi. Mama muuza nyanya, aliyekuwa amekaa kimya akisubiri mteja, alionekana wazi pamoja na mafungu yake.

Mwalimu akatuonyesha kwamba jambo hilo lina historia. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Paris uitwao Boulevard du Temple, akiwa juu dirishani. Picha za wakati ule zilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na hivyo watu na magari ya farasi yaliyokuwa yakipita hayakuacha alama yoyote. Aliyeonekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, na karibu naye yule aliyekuwa akiving'arisha. Wanahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha, na hakuna anayejua majina yao.

Kutoka hapo mwalimu alituleta nyumbani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na miongoni mwao walikuwamo waliopiga picha nyingi zinazotunzwa hadi leo. Alituonyesha chache. Tuliwaona mababu na mabibi wa imani yetu wakiwa wamesimama mbele ya migomba, wakiwa wamenyooka, wakitutazama. Chini ya picha ya mmisionari palikuwa na jina lake. Chini ya picha za wenyeji kadhaa paliandikwa tu kwamba ni mwanamke Mkristo, au ni wanafunzi wa shule. Tulikasirika. Tulisema kwa sauti kubwa kwamba wale watu walibatizwa kwa majina, na waliowabatiza waliyajua, basi kwa nini hawakuyaandika? Mwalimu alitusikiliza mpaka mwisho bila kuongeza neno. Akatupa zoezi la tatu: mpige picha mtu mmoja, kwa namna itakayoeleza maisha yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye usharika ambao mmoja wetu anahudumu. Ilikuwa siku ya diakonia. Gari lilikuwa limeleta unga, sukari, sabuni na mablanketi kwa ajili ya wajane na wazee. Mwanga ulikuwa mzuri, wa saa tatu asubuhi, ukiingia kutoka upande wa kulia wa baraza la kanisa. Bibi mmoja alisogea mbele. Tulimpiga picha akinyoosha mikono miwili kupokea mfuko wa unga, uso wake umeinuka, khanga yake imechanika begani, na mkono wa mchungaji ukionekana pembeni ukitoa. Tulijua papo hapo kwamba tumepata picha nzuri. Jioni ile ile tuliituma kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na kuiweka kwenye taarifa iliyokwenda kwa marafiki wa usharika huko ng'ambo. Chini yake tuliandika kwamba ni bibi akipokea msaada.

Jumatatu mwalimu aliionyesha ukutani. Aliisifu kwa mwanga wake na kwa mpangilio wake. Kisha akauliza maswali matatu. Jina lake nani? Mlimwomba ruhusa? Ameiona?

Hatukuwa na jibu hata moja. Tulikuwa tumemwomba Mungu aubariki unga, lakini bibi hatukumwuliza jina. Na jambo lililotuumiza zaidi ni kwamba mmoja wetu amempa bibi yule Chakula cha Bwana mara nyingi. Tulimfahamu kama bibi wa mtaa wa juu, yule wa diakonia. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu tuwahukumu wamisionari wa Leipzig.

Mwalimu hakutupa alama. Alituambia tuichapishe picha ile kwenye karatasi, tumpelekee mwenyewe.

Tulipanda mtaa wa juu kwa miguu. Bibi alikuwa akipalilia kahawa chini ya migomba. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanawa mikono, akatukaribisha ndani na kutupa chai kabla ya kuuliza tumekuja kwa neno gani. Tulimpa picha. Aliishika mbali na macho, kama wazee wanavyofanya, akaitazama kwa muda mrefu.

“Baba mchungaji,” akasema, “siku ile nilitoka shamba. Mzee wa mtaa alinituma mtoto akisema njoo upesi, gari linaondoka. Mngeniambia kuna picha ningevaa gauni langu.”

Tukamwomba radhi kwa hilo. Yeye akaendelea kwa upole ule ule.

“Mjukuu wangu yuko mjini. Aliiona kwenye simu ya mtu. Alinipigia usiku analia, ananiuliza bibi kwa nini hukuniambia kama una njaa. Kila mwezi ananitumia hela. Ndugu wa mama yake wamemsema kwamba amenitupa. Mimi sikuwa na njaa, baba. Nilikuja kwa sababu kanisa limeniita.”

Hatukuwa na la kujibu. Chai yetu ilipoa. Yeye ndiye aliyetuonea huruma, akaanza kutueleza habari zake. Mumewe alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe kutoka mtoni kujenga kanisa tunalosalia. Yeye aliimba kwaya tangu usichana mpaka sauti ilipokwisha. Blanketi alilopewa siku ile alikwisha kumpa jirani yake aliye mgonjwa. Hayo yote hayakuwamo kwenye picha yetu, ingawa tulikuwa tumetumwa kupiga picha ya kueleza maisha yake.

Tulipokuwa tunashuka mlima, mwinjilisti alisema: “Hatukusema uongo wowote. Kila kilichomo kwenye picha ile kilitokea.” Ni kweli. Mfuko wa unga ulikuwapo, na khanga ilikuwa imechanika. Lakini kwa hesabu ya Katekisimo yetu, amri ya nane ndiyo inayokataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hakuishia kwenye kukataza. Anatufundisha kwamba kumcha na kumpenda Mungu kunatudai tumtetee jirani, tumseme vema, na kila jambo lake tulieleze kwa upande ulio mwema. Tulilikariri hilo tukiwa watoto. Tumelifundisha kwa watoto wa wengine. Hatukuwahi kufikiri kwamba linaihusu kamera. Picha inaweza kuwa na ukweli mtupu ndani yake, na bado ikamshuhudia mtu uongo, kwa sababu imechukua dakika moja ya maisha yake, ile iliyotufaa sisi, na kuifanya iwe yeye mzima. Picha yetu ilimshuhudia mjukuu uongo pia, naye hakuwapo hata kujitetea.

Na kuna lingine. Tulipoitazama tena, tuliona kwamba mtu aliyesifiwa katika picha ile hakuwa bibi. Ulikuwa ule mkono wa pembeni, unaotoa. Katika Mathayo sura ya 6 Bwana anafundisha kwamba sadaka itolewe kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue la mkono wa kulia. Sisi tuliujulisha mkono wa kushoto, na usharika mzima, na watu wa ng'ambo.

Tulifuta picha kwenye kundi, na Jumapili tukasimama mbele ya washarika tukaeleza kosa letu, bibi akiwa ameturuhusu. Tulimpigia simu mjukuu. Tuliandika barua ng'ambo kuomba picha isitumike. Jibu lilikuja, la upole, lakini jarida lao lilikuwa limekwisha kuchapwa. Hivyo kuna watu wasiotujua wanaomjua bibi yule kwa mikono miwili mitupu, na hatuna namna ya kuwafikia. Tunaliungama hilo kila tunapolikumbuka. Msamaha tumeupata, kwa Mungu na kwa bibi mwenyewe. Jarida halirudi.

Bibi alitaka picha nyingine, na alichagua mwenyewe jinsi itakavyokuwa. Alituambia turudi siku ya mavuno, asubuhi. Tulimkuta amevaa gauni lake la buluu na kitambaa kichwani. Hakutaka kupigwa akiwa amekaa. Alikwenda migombani, akachagua mkungu wa ndizi, kijana wa jirani akaukata, na yeye akasimama karibu nao, mkono wake juu ya mkungu. Ulikuwa unakwenda kanisani, kwenye mnada wa baada ya ibada. Tulimwuliza mara mbili kama yuko tayari. Alijibu kwamba tungojee wingu lipite. Tukangojea. Tulimwonyesha kila picha kwenye kioo cha kamera, akakataa mbili, akaikubali ya tatu.

Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kila usharika unaotunza majina na picha za watu unapaswa kuijua. Lakini bibi hakutukumbusha sheria ya nchi. Alitukumbusha kwamba ana jina. Hajiri alipokuwa peke yake jangwani, katika Mwanzo sura ya 16, malaika wa Bwana alimwita kwa jina lake kabla ya kumwuliza anatoka wapi, na yeye akamtambua Mungu kuwa ndiye amwonaye. Kwa Abramu na Sarai alikuwa mjakazi tu. Kwa Mungu alikuwa Hajiri.

Mkungu ule ulinunuliwa kwa bei nzuri. Picha iko ukutani kwa bibi, na nakala iko kwa mjukuu wake mjini. Mwalimu alipouliza jina, safari hii tulilitaja, la ubatizo na la ukoo. Hapa hatuliandiki, kwa sababu tulipokuwa naye hatukumwomba ruhusa ya kitabu hiki. Tukipanda tena mtaa wa juu tutamwuliza.