Herufi Mbili, Sura Moja

Niandikapo programu za kompyuta hupenda kuvipa vitu majina ya lugha ya mama. Mti huuita mũtĩ, kama tusemavyo sisi Wagikuyu. Jina hili ni la herufi nne tu, lakini lina mashaka ambayo jicho haliyaoni.

Unicode ni orodha ya herufi za ulimwengu, na kila herufi humo ina namba yake. Herufi ĩ yaweza kuandikwa kwa njia mbili: kwa namba moja, 297, au kwa namba mbili, 105 ambayo ni i ya kawaida, ikifuatwa na 771 ambayo ni alama ya juu. Katika kioo cha kompyuta njia hizi hazina tofauti hata chembe. Lakini kompaila, yule mfasiri ageuzaye maandishi yetu kuwa amri za mashine, hana macho, husoma namba.

Hapo lugha za programu huachana njia. Python, tangu toleo la 3 la mwaka 2008, huyapatanisha maumbo hayo kwanza, yakawa jina moja. Rust nayo hupatanisha. JavaScript haipatanishi; kwayo hayo ni majina mawili, na maskini mwandishi aweza kushinda kutwa akitafuta kosa katika maneno yaliyo sawa machoni pake. Go huipokea njia ya kwanza na kuikataa ya pili, kwa sababu alama peke yake si herufi. Ukali huo siuchukii. Afadhali bawabu anizuiaye mlangoni kuliko yule aniachaye nipotee ndani.

Lakini upatanishi hauzuii hila. Herufi a yetu ni namba 97. А ya Warusi, yenye sura ile ile, ni 1072, na hizo ni herufi mbili za haki. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha jinsi mwovu awezavyo kuficha jina la pili kwa herufi pacha, likampita mkaguzi. Rust huonya majina kama hayo yakikutana.

Wako wasemao basi turudi kwenye herufi 26 za Kiingereza. Ushauri huo ni mwepesi kwa asiyepoteza kitu. Katika Kigikuyu i na ĩ ni irabu mbili mbalimbali, na muti bila alama zake hautamkwi kama mti wowote niujuao.