Pumzi ya Jirani: Hospitali Zetu Katika Wimbi la Tatu



Mwaka 2021 ugonjwa wa korona ulirudi kwa mara ya tatu. Safari ile ulitukuta sisi mafrateri likizoni, tukiwa tumetawanyika katika parokia za majimbo yetu. Watatu tunaoandika makala hii tulipangiwa parokia moja ya vijijini yenye hospitali ya misheni. Kutoka nyumba ya mapadre hadi geti la hospitali ni mwendo wa dakika tano, kwa hiyo mambo ambayo wengine waliyasikia redioni sisi tuliyaona kwa macho. Tumeona vyema kuwashirikisha, kwa sababu mengi yaliyoielemea hospitali hii hayakuanzia hospitalini. Yalianzia majumbani, kwenye misiba, kwenye mabasi, na hata kwenye mabenchi ya makanisa yetu.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mgonjwa wa kwanza hapa Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Takwimu za mwisho zilizotolewa mwaka ule zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Kuanzia Mei 2020 hesabu hazikutangazwa tena, na watu wengi wakarudi kwenye maisha ya kawaida wakiamini kwamba mambo yamekwisha. Wimbi la pili lilipokuja mwanzoni mwa mwaka 2021, wengi waliogopa hata kulitaja kwa jina. Kwenye matangazo ya misiba tulisikia "changamoto ya upumuaji" na "nimonia kali". Januari 26, Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, alitoa barua ya tahadhari juu ya wimbi jipya, akikumbusha kwamba nchi yetu si kisiwa. Mapema mwezi Machi, Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika muda wa miezi miwili tu mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki dunia.

Kwetu sisi tulio katika malezi, idadi hiyo si habari ya gazetini. Kumwandaa padre mmoja huchukua si chini ya miaka minane baada ya kidato cha sita. Padre akifariki, vigango vyake vinabaki na katekista peke yake, na paroko wa jirani anaongezewa mzigo. Akifariki sista muuguzi, wodi inabaki na pengo la zamu ambalo wenzake wanalijaza kwa kukesha. Baadhi ya waliofariki walitufundisha na wengine walitutibu. Tunawaombea pumziko la milele.

Kisha likaja wimbi la tatu, na kirusi aina ya Delta kilienea haraka kuliko vile vilivyotangulia. Wote tuliona mwezi Aprili na Mei 2021 jinsi nchi kubwa kama India ilivyoishiwa oksijeni, ndugu za wagonjwa wakihangaika kutafuta mitungi barabarani. Juni 28, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alisema hapa nchini wapo wagonjwa zaidi ya 100, na kati yao kama 70 walikuwa kwenye oksijeni. Tuitazame sehemu hiyo ya pili ya maneno yake. Kati ya wagonjwa kumi waliokuwa wakihesabiwa siku hiyo, kama saba walikuwa hawawezi kupumua bila msaada.

Tulipofika hapa hatukujua maana ya jambo hilo mpaka muuguzi mmoja alipokaa nasi na kutueleza. Hewa tunayoivuta ina oksijeni kama asilimia 21, na mapafu yenye afya yanatosheka nayo. Mapafu yaliyoshambuliwa na nimonia hushindwa kuichukua. Kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni husoma asilimia 95 au zaidi kwa mtu mzima mwenye afya. Kikisoma chini ya 90, mtu huyo anahitaji kusaidiwa upesi. Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba wapo wanaoshuka kiasi hicho huku bado wanaongea na kusema wanaendelea vizuri. Ndiyo maana wengi waliletwa wakiwa wamechelewa.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mtungi mkubwa wa oksijeni una lita zipatazo 6,800. Mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na dakika 20. Anayehitaji lita 15 kwa dakika anaumaliza kwa saa saba na nusu. Wagonjwa watatu wa lita 10, kwa usiku na mchana mmoja, wanatumia mitungi zaidi ya sita. Na mitungi hii haikujazwa hapa kijijini. Ilipakiwa kwenye gari, ikapelekwa mjini, ikapanga foleni pamoja na ya hospitali nyingine zenye shida ileile, kisha ikarudi kwa barabara ya vumbi. Zipo pia mashine zinazochuja oksijeni kutoka katika hewa ya kawaida, lakini nyingi hutoa lita 5 hadi 10 tu kwa dakika, na umeme ukikatika zinazimika.

Tena oksijeni hiyo si ya wagonjwa wa korona peke yao. Inamngoja mama anayefanyiwa upasuaji ili ajifungue. Inamngoja mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati, na mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia ya kawaida, ile iliyokuwepo kabla ya korona na itakayokuwepo baada yake. Muuguzi yule alituambia kwamba kukesha kunamchoka kidogo tu ukilinganisha na kazi ya kuamua mtungi uliobaki uende kitanda kipi. Alilisema bila kulalamika, akainuka, akarudi wodini.

Hapo ndipo tulipoielewa upya amri ya kumpenda jirani. Tumezoea kuifikiria kama jambo la kutoa: kutoa chakula, kutoa nguo, kutoa muda. Wakati wa wimbi kama hili, upendo mkubwa unaweza kuwa ni kutoongeza mgonjwa mmoja zaidi. Anayevaa barakoa sokoni, anayekaa nyumbani akiwa na mafua na kikohozi, anayemkinga bibi yake asipate maambukizi, amemwachia mtu asiyemjua nafasi ya kitanda na saa kumi na moja za kupumua. Hatamwona mtu huyo wala hatashukuriwa naye. Bwana wetu alipoeleza habari za yule Msamaria, hakusema kama wawili wale waliwahi kukutana tena.

Kazi tuliyopewa na Baba Paroko ilikuwa ndogo. Hatukuingia katika wodi ya wagonjwa wa upumuaji. Tulishusha mitungi garini, tulisimamia ndoo za maji na sabuni getini, na tulizungumza na ndugu waliokuja kutazama wagonjwa wao. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Kwa desturi zetu mgonjwa haachwi peke yake. Ukoo unakuja, jumuiya inakuja, na kumtembelea mgonjwa ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu katekesi ya komunyo ya kwanza. Wakati ule ilibidi umwambie mzee aliyetembea kilomita nane, "Shikamoo baba, samahani, leo huwezi kuingia." Maneno hayo yanauma kuyatamka.

Siku moja alikuja mama mmoja na chupa ya uji kwa ajili ya mumewe. Tulipomweleza utaratibu, akasema, "Frateri, mume wangu atadhani nimemtupa." Tukachukua karatasi, yeye akasema, sisi tukaandika: kwamba mahindi yameshapukuchuliwa na yako ghalani, kwamba mbuzi amezaa mapacha, kwamba watoto wanamsalimu na yeye yuko hapa nje chini ya mwembe. Sista akaingia nayo. Kesho yake Baba Paroko alivaa mavazi ya kinga, akaingia, akampa yule baba Mpako wa Wagonjwa. Siku ya nne akafariki. Mama alipopewa taarifa alilia, kisha akauliza jambo moja tu: kama ile barua ilisomwa. Sista akamjibu kwamba ilisomwa mara mbili, kwa sababu mwenyewe aliomba irudiwe. Tangu siku ile karatasi na kalamu havikukosekana pale getini.

Kuna vishawishi viwili ambavyo mtu wa seminari hukutana navyo katika hali hii. Cha kwanza ni woga: kujifungia chumbani na kusema wito wetu bado, tutahudumia tukishapata daraja. Cha pili ni ushujaa usio na mpango: kuingia popote bila kinga, kana kwamba imani ni barakoa. Kanisa lina watakatifu wa kutuongoza hapa. Mtakatifu Aloisi Gonzaga, akiwa bado mwanafunzi katika Shirika la Yesu, aliwahudumia wagonjwa wa tauni mjini Roma na akafariki Juni 21, 1591 akiwa na umri wa miaka 23. Hakukimbia. Mtakatifu Karoli Borromeo, msimamizi wa waseminari, alikuwa Askofu Mkuu wa Milano tauni ilipoingia mwaka 1576. Naye hakukimbia, lakini pia hakuwakusanya watu waambukizane. Watu walipotakiwa kubaki majumbani, aliagiza altare ziwekwe njiani ili waifuate Misa wakiwa madirishani kwao. Mmoja alitoa maisha yake, mwingine alitumia akili aliyopewa na Mungu kulinda maisha ya watu wake. Kanisa limewatangaza wote wawili kuwa watakatifu.

Tuliulizwa sana kuhusu chanjo na kuhusu nyungu. Juu ya nyungu jibu letu ni hili: mvuke unaweza kumpa mtu nafuu ya pua na koo, lakini hauingizi oksijeni katika mapafu yaliyoshindwa. Hatari yake kubwa ni siku tatu au nne zinazopotea mtu akijifukiza nyumbani huku anazidi kuishiwa pumzi. Juu ya chanjo, dozi 1,058,400 za Janssen zilipokelewa nchini Julai 24, 2021, na Julai 28 Rais Samia alichanjwa hadharani. Papa Fransisko, aliyeliongoza Kanisa wakati huo, alichanjwa tangu Januari 2021. Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, katika waraka wake wa Desemba 21, 2020, lilieleza kwamba ni halali kimaadili kupokea chanjo hizi, kwamba kuchanja ni kwa hiari, na kwamba anayekataa kwa sababu ya dhamiri anabaki na wajibu wa kutumia njia nyingine zote za kutowaambukiza wengine. Sehemu hii ya mwisho husahaulika. Dhamiri inampa mtu uhuru wa kukataa sindano. Haimpi uhuru wa kumkoholea jirani.

Kwa hiyo, wapendwa waamini, yapo mambo ambayo kila jumuiya ndogo ndogo inaweza kuyafanya wakati wa wimbi kama lile bila kusubiri mtu wa kutoka mbali. Mwanajumuiya akiugua, msiende kumi. Mpigieni simu, pelekeni chakula mlangoni, na mmoja awe na kazi ya kumuulizia asubuhi na jioni anapumuaje. Akianza kuhema au kushindwa kumaliza sentensi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Changeni kidogo kwa ajili ya gharama za matibabu, maana familia nyingi zinachelewa kuja kwa kuogopa deni. Kwenye msiba, fupisheni mkusanyiko na kaeni kwa nafasi. Wanaotoka mbali waombe rozari makwao. Kanisani, Misa ikiwa mbili badala ya moja, gawanyikeni kweli, msijazane ile ya saa mbili. Na mkikutana na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, msimkwepe kama mwenye ukoma. Msalimieni kwa mbali kidogo, mwambieni asante, mwulizeni watoto wake wamekula nini.

Tukumbuke pia utajiri wa kiroho ambao Kanisa limetupa. Kwa hati ya Machi 19, 2020, Idara ya Toba ya Kitume ilitoa rehema kamili kwa wagonjwa wa korona, kwa wanaowahudumia, na kwa wanaowaombea, kwa masharti yaliyowekwa. Asiyeweza kufika geti la hospitali anaweza kufika kwa sala, na hiyo nayo ni huduma.

Mungu alimpulizia Adamu pumzi ya uhai, na Kristo Mfufuka aliwavuvia mitume wake Roho Mtakatifu. Pumzi imekuwa zawadi ya Mungu tangu mwanzo. Siku zile tuliiona ikipimwa kwa lita na kugawanywa kwa uchungu katika wodi iliyo hatua chache kutoka kikanisani. Tuwaombee wauguzi na madaktari wetu, madereva wanaosafirisha mitungi usiku, wagonjwa, na marehemu wetu wote. Na wimbi kama lile likirudi, tunapotoka kusali, tuvae barakoa zetu vizuri, zifunike mdomo na pua.